Ampia mbili za mama

Baiskeli ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba, yenye karia pana nyuma na kengele ya kubonyeza kwa dole gumba. Alikwenda nayo kazini bandarini na kurudi kwa miaka mingi, na alipofariki ikabaki imeegemea ukuta wa uani, tairi zimelala. Nyumba yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mji wetu ni tambarare na watu wake wamezoea baiskeli tangu zamani, kwa hiyo nilipoitoa uani na kuipeleka kwa fundi hakuna aliyeuliza kitu. Maswali yalianza iliporudi imechomelewa stendi ya chuma, gurudumu la nyuma liko hewani, tairi limevuliwa.

Nilitaka inizalishie umeme kwa pedali, na sababu ilikuwa Desemba. Mama ni fundi cherehani, na Desemba kwake ndiyo msimu. Shule zinafungua Januari, sare zimelundikana mezani, na kila mzazi anataka ya mwanawe itoke kabla ya wenziwe. Vuli ile mvua ilikuwa nyingi na umeme ukawa unakatika jioni, saa ileile anayotaka kumalizia kazi. Cherehani yake ni ya miguu, haihitaji umeme hata chembe. Kilichokosekana ni mwanga juu ya sindano tu. Usiku mmoja nilimkuta ameibana simu ya kitochi kati ya shavu na bega, shingo imepinda, mwanga umeelekezwa kwenye kola ya shati la mtoto, na chini miguu inakwenda kama kawaida: kisigino, vidole, kisigino, vidole.

Nikasimama pale mlangoni nikaitazama miguu ile. Nguvu ilikuwepo chumbani, ila hakuna aliyekuwa ameipa taa.

Najua swali la kwanza: kwa nini si sola? Nalijibu mapema, kwa sababu sitaki mtu apoteze pesa zake kwa maneno yangu. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua paneli. Paneli ya wati 50 kwenye siku ya jua zuri la Tanga itakupa wati-saa 200 au zaidi, yaani umeme wa kuwasha taa ya wati 5 kwa saa 40, nawe umekaa zako kivulini. Mimi nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na mvua ya siku ya sita mfululizo, na nilikuwa na hamu ya kujua mguu wa mtu una umeme kiasi gani. Kila mwenye umri wangu amewahi kuinua baiskeli, akabana dainamo kwenye tairi na kuzungusha pedali kwa mkono ili aone taa ya mbele ikiwaka. Dainamo ile ni ya volti 6, wati 3. Nilitaka zaidi ya pale.

Nilianzia pabaya, kwenye alteneta ya gari. Gereji wanazo chakavu nyingi, na mtu yeyote utakayemuuliza atakwambia ndiyo jenereta hiyo, chukua. Ni kweli inazalisha umeme. Lakini ndani yake hakuna sumaku ya kudumu. Ile sumaku inatengenezwa na koili inayokula umeme kutoka kwenye betri, na koili hiyo yaweza kumeza wati 30 au 40 kabla hujapata hata wati moja ya kwako. Injini ya gari haihisi kitu. Mguu unahisi. Nilikanyaga dakika tano jasho likinichuruzika hadi kwenye viwiko, mita ikawa inaonyesha kama vile sijafanya lolote. Alteneta imetengenezwa kwa ajili ya mwenye nguvu za kumwaga.

Kinachofaa ni mota ya sumaku ya kudumu, ile ya umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri. Ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha inakupa umeme. Ni chombo kilekile kwa pande zake mbili. Zimo kwenye skuta ndogo za umeme, zimo kwenye mashine za kukimbilia za mazoezi zilizokufa. Yangu niliipata kwa muuza vyuma chakavu, ya skuta, volti 24, wati 250, ina kutu kidogo kwenye shafti lakini beringi zake nzima.

Hapo ndipo hesabu ya mzunguko inapoingia, na ndiyo roho ya kazi yote. Mtu aliyetulia hukanyaga pedali mara 60 kwa dakika. Meno ya mbele ya Phoenix yangu ni 48, ya nyuma 20, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 144. Rimu bila tairi ina kipenyo cha sentimeta 63 hivi. Fundi aliniwekea kwenye mota puli ya sentimeta 6, kigurudumu kinachovutwa kwa mkanda kutoka kwenye rimu, kwa hiyo mota ikapata mizunguko 1,500 na ushee. Ni mingi kwa macho, lakini mota ile hutoa kama volti 8 kwa kila mizunguko elfu moja, ndiyo kusema volti 12. Betri ya volti 12 haichajiki kwa volti 12. Inataka 14, sawasawa na tanki ambalo halijai mpaka maji ya bomba yawe juu kuliko yaliyomo ndani. Nilikanyaga, mita ya volti ikapanda vizuri, mita ya ampia, ile inayoonyesha kiasi cha umeme unaopita kwenda kwenye betri, ikabaki sifuri.

Fundi wangu wa baiskeli ni mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Hakuhitaji hesabu yangu. Aliusikiliza mlio wa mota, akasema, "Inalia kivivu hii, mwanangu. Ipunguzie puli." Akachonga nyingine ya sentimeta nne na nusu. Mizunguko ikafika 2,000, volti 16 mota ikiwa haina mzigo, na ukiunga betri zinashuka zenyewe hadi kwenye 14. Ampia zikaanza kusoma.

Mkanda ulinisumbua zaidi ya mota. Feni belti ya gari ni fupi, haizunguki rimu ya baiskeli, na iliyo ndefu kiasi hicho inatoka mashine za kusaga na ni nzito mno. Aliyelimaliza jambo hilo ni mama. Alikuja uani na ukanda wa ngozi wa cherehani, ule wa duara unaouzwa kwa urefu, akaunganisha viwili. Ukitaka kujua mtu anayeijua kazi yake, mtazame mama akiunga ukanda. Anautoboa kwa msumari uliopashwa moto, milimita tano kutoka mwisho, anapitisha kipande cha waya, anakikunja kwa koleo mpaka kinazama ndani ya ngozi kisije kikagonga puli. Kisha anapitisha kidole juu ya kiungo, mbele na nyuma, mara mbili. Kidole kikikwaruzwa, anarudia. "Ukanda mpya utalegea wiki ya kwanza," akaniambia. "Usiukaze kwa hasira. Ukate kidogo, uunge tena."

Usiku wa kwanza wa kuchaji nilikanyaga mpaka saa tatu, nikashuka, nikaenda kula. Niliporudi uani kuzima taa nikakuta gurudumu linazunguka. Hapana mtu, pedali zimetulia kimya, gurudumu linakwenda polepole gizani na mota inanguruma chini chini. Betri niliyoiacha na volti 12.6 ilikuwa imeshuka hadi 11 na kitu. Nilichokisema juu ya mota kuwa na pande mbili kilikuwa kimenirudia: nilipoacha kuizungusha, betri ikaanza kuizungusha yenyewe, na friwili ikaliachia gurudumu liende bila kugusa mnyororo. Mama alitazama, akasema, "Mwanangu, chombo chako kinakidai ulichokipa."

Dawa yake ni dayodi, mlango unaofunguka upande mmoja tu. Iwekwe kati ya mota na betri, mstari wake ukielekea betri. Tafuta ya aina ya Schottky, kwa sababu dayodi ya kawaida inakukata karibu volti nzima na hii inakata nusu yake. Mimi niliichomoa nyuma ya paneli ya sola iliyovunjika kioo, zimo kwenye kile kisanduku cheusi cha nyaya. Fyuzi ya ampia 10 nikaiweka karibu kabisa na betri. Betri yenyewe ni ya volti 12, ampia-saa 18. Nilikuwa na ndogo ya 7 lakini mtu mwenye miguu mizuri anaisukumia ampia nyingi kuliko inavyostahimili, inapata moto. Na betri ya aina hii usiilaze chumbani wanakolala watu, kwa sababu ikichajiwa kupita kiasi hutoa hewa inayowaka. Lingine, na hili nalisema kwa uzito: usithubutu kuchomeka umeme huu wala wa inveta, kile chombo kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwenye soketi ya ukutani ili uwashe nyumba nzima. Kuna fundi juu ya nguzo mahali fulani anayeamini waya umekufa.

Kilichobaki ni mguu kushtuka. Mtu hakanyagi kwa nguvu sawasawa; kuna pigo, kisha kuna kupumua, kisha pigo. Gurudumu jepesi lisilo na tairi linayafuata mapigo hayo, na taa inapwita kama moyo. Fundi alikunja nondo ya milimita 12 duru mbili akazifunga kwa waya kwenye spoku karibu na rimu, kilo tatu na nusu hivi za ziada. Kuanza kukawa kuzito, lakini likishika mwendo linakubeba.

Basi nikapima. Mimi nina miaka thelathini na nne, nacheza mpira Jumapili, nikaona nitakuwa na nguvu za kutosha. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa kwenye ampia 5, karibu wati 68 zinazoingia kwenye betri. Dakika ya kumi na tano nilikuwa kwenye 3. Dakika ya ishirini nilishuka. Wanaopima mambo haya huhesabu kuwa mtu mzima wa kawaida anaweza kutoa wati 75 hivi kwa saa nzima kwenye pedali, na tayari njiani ukanda, mota na dayodi vimeshakula sehemu yao.

Mama alikuwa anataka kujaribu tangu siku ya kwanza, lakini Phoenix ina bomba la juu na yeye amevaa dera. Kuikata baiskeli ya baba sikukubali. Fundi akatafuta fremu chakavu, akachomelea krenki mbele ya kiti cha mbao chenye egemeo, minyororo miwili ikaungwa kuwa mmoja mrefu wa kurudi nyuma hadi kwenye gurudumu. Mama akakaa, akaweka miguu, akaanza. Ampia 2. Nikamwambia, mama, ongeza kidogo. Hakuongeza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo mapajani, miguu inakwenda, mita inasoma ampia 2. Baada ya nusu saa ampia 2. Baada ya saa nzima aliuliza kama maji ya chai yamechemka, na mita ilikuwa palepale. Ana miaka sitini na moja, na amekanyaga cherehani tangu akiwa msichana. Miguu ile imekariri mwendo mmoja, wa mtu anayejua kuwa kazi ni ya mpaka jioni.

Ampia 2 kwa volti 13 na nusu ni wati 27. Saa moja ya mama, ukitoa kinachopotea kwenye betri, inawasha taa ya LED ya wati 5 kwa zaidi ya saa nne. Sindano iwe na mwanga kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku. Alichokosa usiku ule wa kitochi shavuni alikuwa nacho miguuni mwake.

Wati 27 zinaonekana si kitu mpaka ujue waliofanya makubwa kwa pungufu ya hapo. Mwaka 1929 huko Australia, Alfred Traeger wa Adelaide alitengeneza redio ya mawasiliano inayoendeshwa kwa jenereta ya pedali ya wati 20 hivi, ili familia zilizotawanyika nyikani ziweze kumwita daktari wa ndege. Waliokuwa wakikanyaga mara nyingi ni kina mama wa mashambani, na kwa kuwa hawakujua alama za Morse, zile nukta na vistari vya kutumia ujumbe, Traeger akawaundia kibodi inayozipiga yenyewe. Mwaka 2009 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitengeneza chaja ya simu ya dainamo ya baiskeli wakaiuza kwa shilingi 350 za Kenya. Mwanga na sauti. Kwa vitu hivyo viwili mguu unatosha, na unatosha kwa heshima.

Kwa vingine hautoshi, na hapa ndipo watu wanapodanganywa na video wanazotumiana. Nimejaribu. Televisheni ya inchi 32 inakula wati 40 na kitu. Kupitia inveta tuliiendesha kwa zamu, mimi na wapwa zangu wawili, kipindi kimoja cha mpira, na kipindi cha pili hakuna aliyetaka kupanda. Feni ilizunguka, lakini nani anakanyaga baiskeli ili apate upepo? Jagi la umeme na pasi sikugusa, hesabu ilinitosha. Kuchemsha lita moja ya maji ya bomba kunahitaji wati-saa 87 hata kama hakuna kinachopotea. Kwa miguu yangu kwenye nguvu yake ya juu ni zaidi ya saa moja, na nguvu ile mimi ninayo kwa dakika kumi. Mwaka 2015 Mjerumani Robert Förstemann, aliyepata medali ya shaba ya baiskeli kwenye Olimpiki ya London, mapaja yake yana mzingo wa sentimeta 74, aliwekwa juu ya baiskeli iliyounganishwa na tosta ya wati 700. Aliweza. Alikausha kipande kimoja cha mkate, kisha akalala sakafuni.

Kitu kinachotoa joto kwa umeme ni mdomo usioshiba. Tangu nijue hivyo siioni pasi kwa jicho lilelile.

Nilifanya na hesabu ya unga. Mwili unageuza kuwa mwendo kama robo tu ya chakula ulichokula, nyingine inatoka kama joto na jasho. Ukiongeza vinavyopotea kwenye ukanda, mota, betri na inveta, uniti moja ya umeme ya miguu, yaani wati-saa elfu moja, inagharimu kilo mbili na nusu hivi za unga wa sembe. Uniti hiyohiyo kutoka kwenye waya, mtumiaji wa kawaida wa nyumbani anainunua kwa shilingi 350 na kitu. Mtambo wa Maporomoko ya Pangani, ule mpya wa mwaka 1995 ulio hapa mkoani kwetu, una uwezo wa megawati 68. Kwa wati 75 kila mtu, wangehitajika watu zaidi ya laki tisa wakikanyaga kwa pamoja usiku na mchana bila kushuka. Wakazi wote wa jiji la Tanga, na vichanga vyao, hawafiki idadi hiyo. Siku hizi nikipita Hale, kwenye mto huohuo wa Pangani, nikaona maji yanavyoshuka, nayaangalia kwa adabu.

Na bado sikuiweka baiskeli pembeni, kwa sababu ya mnoa visu. Mnamjua, anapita mitaani na baiskeli yake, anaipandisha kwenye stendi mbele ya mlango wako, anakanyaga, na jiwe lililo mbele ya usukani linazunguka cheche zikiruka. Hana betri wala dayodi. Mguu unakwenda moja kwa moja kwenye jiwe, na karibu chote anachotoa kinafika kwenye kisu. Cherehani ya mama ni hivyohivyo. Mimi nilikuwa nachukua mwendo, naugeuza umeme, nauhifadhi, nautoa, halafu naugeuza tena kuwa mwendo wa feni, na kila mlango ninaopita ninaacha ushuru. Ukihesabu milango yote, mkononi hubaki pungufu ya nusu.

Wenye akili waliliona hilo zamani. San Andrés Itzapa, Guatemala, kikundi cha Maya Pedal tangu mwaka 1997 kinaunda mashine za baiskeli za kusaga mahindi, kupandisha maji ya kisima na kuendesha blenda, puli kwa puli, hakuna waya. Hapa kwetu Arusha, Bernard Kiwia, aliyeanzia kwenye ufundi baiskeli, ameunda vyombo vya namna hii na kuwafundisha wengine waviunde, na kampuni ya Global Cycle Solutions ilitoa mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Mkulima anaipanda baiskeli ileile kurudi nyumbani.

Kwa hiyo Phoenix ya baba niliivua mota. Sisi ni watu wa nazi. Nilimpelekea fundi kichwa cha kukunia, kile cha duara chenye meno kinachotumika kwenye mashine za sokoni, akakiweka kwenye shafti yenye puli ya sentimeta 20, ukanda wa ngozi wa aina ileile. Mmoja anakanyaga, mmoja anashika kifuu. Nazi inamalizika kwa dakika moja au pungufu, imekunika laini, na hata wapwa zangu waliokimbia televisheni wanagombania zamu. Siku za futari majirani wanaleta nazi zao kwenye mabeseni, na anayeleta ndiye anayekanyaga.

Kiti cha mama ndicho kilichobaki na mota ile, na betri, na taa mbili za wati 5. Moja iko juu ya sindano, ya pili ameitaka ukumbini kwa ajili ya wanaosoma. Simu ya kawaida inataka wati-saa 15 hivi ili ijae, kwa hiyo mtoto wa jirani akija kuchaji anakaa kwenye kiti kama nusu saa na kitabu chake mkononi, kisha nusu saa nyingine. Mama anamsikiliza kwa sikio moja huku akishona. Mlio ukipanda, anamwambia bila kugeuka, "Polepole, mwanangu. Haukimbizwi."

Juzi ukanda umelegea tena. Mvua za juma hili zimeulainisha, mota ikawa inateleza na ampia zinaruka. Mama ameukata kama upana wa kidole, amepasha msumari, ametoboa, amekunja waya. Amepitisha kidole juu ya kiungo, mbele na nyuma. Kisha akaniita nikapande kwanza mimi, maana yeye bado ana kola nne.